Kidole chako kinaweza kufungua mlango wa mwenzako: maneno tuliyowaambia vijana wa Butembo juu ya simu

 

Leo hatukuja kuwaambia mutoke barabarani. Tumekuja kusema juu ya kitu kidogo ambacho kila mmoja wenu ako nacho mfukoni saa hii: simu, na zaidi namna unaifungua. Mulipokuwa munaingia tuliwaangalia. Wengi munagusa na kidole, wengine munaiangalia tu usoni, na simu inafunguka. Iko vizuri, iko mbio. Lakini tunaomba mutusikilize nusu saa, juu mambo haya tumejifunza kwa bei kali.

Tuanze na yale yaliyotufikia sisi wenyewe. Siku moja tulifanya kikao cha amani mbele ya ofisi fulani, juu ya usalama na juu ya maji. Wenzetu saba walikamatwa. Mmoja kati yao alikuwa na simu nzuri ya kufungua na kidole. Alikuwa ameweka na kode ya namba sita, ambayo hata dada yake hakuijua. Aliamini kwamba amejikinga. Lakini ndani ya gari, mikono ikiwa imefungwa nyuma, mtu mmoja alitoa simu mfukoni mwake, akashika kidole gumba chake, akakigusisha pale. Basi, imekwisha. Hakuna mtu aliyemuuliza kode. Hakupata hata nafasi ya kusema “apana”.

Ndani ya simu mlikuwa grupe yetu ya WhatsApp, majina na namba za watu zaidi ya arobaini, foto za mikutano, na ujumbe wa sauti ambamo tulikuwa tunaelezana nyumba ya kukutania. Usiku ule ule watu walienda kupiga hodi kwa wenzetu wawili ambao hawakuwa hata kwenye kikao. Mmoja alitorokea shambani kwa shangazi yake, akakaa huko wiki mbili bila kujua kama mama yake ni mzima. Yule aliyekamatwa alitoka kasho siku ya nne. Mpaka leo, kila tukikutana, anatuomba pole. Na sisi tunamwambia kila mara: ndugu, haukukosa. Ni sisi wote tulikuwa hatujui.

Sasa tunajua kidogo, na hicho kidogo tunataka mukijue ninyi pia.

Kwanza, simu inafanya nini ukiweka kidole? Watu wengi wanafikiri inapiga foto ya kidole na kuituma Marekani au China. Apana. Kwenye simu za kisasa zilizotengenezwa vizuri, alama ya kidole inageuzwa kuwa hesabu, na hesabu hiyo inafungiwa ndani ya sehemu ya pekee ya simu, ambayo hata programu zingine hazina ruhusa ya kuisoma. Ukigusa tena, simu inalinganisha hesabu mpya na ile ya zamani. Zikikaribiana vya kutosha, mlango unafunguka. Hiyo ni tofauti kubwa na siku ile tulipoenda kujiandikisha kwa uchaguzi mwaka 2023. Pale vidole vyetu viliingia katika mashine ya serikali na vikabaki katika mafaili ya serikali. Vya simu vinabaki kwako, ndani ya simu yako. Kwa hiyo, tatizo letu leo si kwamba kidole chako kinasafiri. Tatizo ni kwamba wewe na kidole chako munatembea pamoja, na anayekukamata wewe amekamata na kidole.

Namna za kusoma kidole ziko tatu. Kuna ile ya kitufe, nyuma ya simu, pembeni au chini ya kioo, ambayo inasikia mistari ya ngozi kwa umeme mdogo sana. Kuna ile iliyo ndani ya kioo, ambayo inawasha mwangaza chini ya kidole na kupiga foto. Na kuna ile ya simu za bei ya juu, ambayo inatumia sauti ambayo masikio yetu hayawezi kuisikia, inapiga kwenye ngozi na kurudi. Zote zina shida na mikono ya watu wetu. Mama anayelima, fundi wa matofali, kijana anayesukuma chukudu, mistari ya vidole vyao imelika na kazi. Simu inawakataa mara tano, mwishowe wanaondoa ulinzi wote na kuacha simu wazi. Tumeona hiyo mu kartiye zetu, na tutarudi hapo.

Upande wa uso, kuna namna mbili ambazo musizichanganye hata siku moja. Ya kwanza ni ya iPhone tangu ile ya mwaka 2017 iliyoitwa X. Inarusha kwenye uso nukta zaidi ya 30,000 za mwangaza ambao macho hayauoni, halafu inapima vimo vya uso wako: pua imetoka kiasi gani, macho yameingia kiasi gani. Foto ya karatasi haiwezi kuidanganya, juu karatasi haina pua. Apple wenyewe wanasema nafasi ya mtu wa ovyo kufungua simu yako kwa uso wake ni moja kwa 1,000,000, na kwa kidole kimoja ni moja kwa 50,000. Lakini wanasema pia kwamba mapacha, ndugu wanaofanana na watoto chini ya miaka 13 wako nje ya hesabu hiyo. Kama uko na pacha wako, mujuane.

Namna ya pili ni ile ya simu nyingi tunazonunua hapa, za Android za bei ndogo. Hiyo inatumia kamera ya mbele tu, ile ile ya kupiga selfi. Inaangalia uso kama foto, bila kupima urefu wala kina. Mwanzoni mwa 2019 shirika la watumiaji la Uholanzi, Consumentenbond, lilijaribu simu 110 za aina mbalimbali. Simu 42 zilifunguka kwa foto tu ya mwenyewe. Foto! Na foto zetu ziko wapi? Ziko Facebook, ziko kwenye status, ziko kwenye mabango ya ndoa. Kama simu yako ni ya bei ndogo na unaifungua na uso, hesabu kwamba umeifunga na kamba ya ndizi.

Hata za bei kali ziliwahi kuanguka. Mwezi wa 9 mwaka 2013 Apple walitoa iPhone 5s yenye kusoma kidole. Haikupita wiki, kundi la Wajerumani linaloitwa Chaos Computer Club likaifungua: walipiga foto ya alama ya kidole iliyobaki juu ya kioo, wakatengeneza kidole cha bandia. Mwaka 2014 mmoja wao alionyesha kwamba foto za kawaida za waziri wa ulinzi wa Ujerumani wa wakati ule, Ursula von der Leyen, zinatosha kupata alama ya kidole chake. Mwaka 2019 ilionekana kwamba Galaxy S10 ya Samsung, ikiwa imewekwa kifuniko fulani cha plastiki juu ya kioo, inaweza kufunguka kwa kidole cha mtu yeyote. Samsung walilazimika kutuma marekebisho. Mwaka huo huo Pixel 4 ya Google ilikuwa inafunguka hata kama mwenyewe amefunga macho, maana yake hata akiwa amelala.

Hatusemi haya ili mutupe simu zenu. Mtu wa kukutengenezea kidole cha bandia hayuko kwenye barieri ya barabara ya Beni. Anayetuhusu sisi ni yule mwenye kushika mkono wako wa kweli.

Na hapa ndipo wengi wanakosea. Wanauliza: “Kidole na kode, ni gani kuna nguvu?” Swali si hilo. Swali ni: unajikinga na nani?

Kama unajikinga na mwizi wa sokoni, kidole ni rafiki yako. Mwizi anakukata mfuko na kukimbia. Kidole chako kinabaki kwako. Tena ukiwa ndani ya basi umebanana na watu, ukiandika kode ya pesa za simu, jirani anaweza kuiangalia na kuishika. Kidole hakiibiwi kwa macho. Kwa mama mwenye duka la unga, ambaye zamani aliacha simu wazi kabisa kwa sababu kode inamchosha, kidole ni bora mara mia kuliko kuacha wazi. Mama, kama kidole kimoja kinakataliwa, ingiza kingine, kidole kidogo kwa mfano, ambacho hakifanyi kazi nzito. Ingiza kidole kimoja mara mbili au tatu. Pangusa mkono kwanza, mafuta na maji vinaichanganya.

Lakini kama unajikinga na mtu ambaye amekukamata wewe pamoja na simu, mambo yanageuka. Kode iko kichwani. Ili ipatikane, lazima wewe useme. Kidole na uso viko nje, na havingoji ruhusa yako. Unaweza kuwa umelala, umelewa, umezimia, umefungwa kamba, simu haiulizi. Hata wanasheria wa nchi zingine wamegongana na jambo hili. Mwaka 2014, katika jimbo la Virginia kule Marekani, jaji alisema kwamba polisi wanaweza kumlazimisha mshitakiwa atoe kidole, lakini hawawezi kumlazimisha aseme kode, juu kode ni wazo la ndani ya kichwa, na kidole ni kama funguo. Sisi hatuko Marekani, lakini akili ya yule jaji tunaielewa.

Kwetu sheria inasema nini? Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, artikeli ya 31, inasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya binafsi na siri ya barua na mawasiliano yake, na haki hiyo inaguswa tu pale sheria inapopanga. Artikeli ya 18 inasema mtu akikamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, aruhusiwe kujulisha jamaa au avoka wake, na asizuiliwe na polisi kupita saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Na tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 tuko na Kode ya Numeriki, ambayo ina sehemu juu ya ulinzi wa data za mtu binafsi. Kwa hiyo, mtu akikuambia “fungula telefone yako”, una haki ya kuuliza kwa heshima: kwa karatasi gani? Niko naomba avoka wangu. Semeni hivyo kwa upole, bila matusi, bila kusukumana. Mwenzetu tuliyemtaja alikaa siku nne. Hesabuni wenyewe hizo ni saa ngapi.

Lakini hatutawadanganya. Tunajua katiba haivai kiatu. Kuna sehemu ambako ukisema “artikeli ya 31” unaongezewa fimbo. Kwa hiyo tunasema yale tunayofanya wenyewe sasa, ili musingoje katiba peke yake.

Jambo la kwanza. Kabla ya siku ya maandamano au ya safari yenye barieri nyingi, ingia katika mipangilio ya simu, ondoa kidole na uso, baki na kode. Ukirudi nyumbani salama, rudisha kama unapenda. Ni kazi ya dakika mbili.

Jambo la pili. Kode iwe ya namba sita kwenda juu. Namba nne zina mchanganyiko 10,000, namba sita zina 1,000,000. Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa, usiweke 123456, usiweke namba ile ile ya pesa zako. Na ile michoro ya kupitisha kidole juu ya nukta, tuiache: inaacha alama ya jasho kwenye kioo, na anayekaa nyuma yako anaishika mara moja.

Jambo la tatu. Ukiona mambo yanaharibika mbele yako, zima simu. Izime kabisa, si kioo tu. Simu ikizimwa na kuwashwa tena, haikubali kidole wala uso mpaka kode iingie kwanza, na kwenye simu nyingi za kisasa vitu vya ndani vinabaki vimefungwa mpaka wakati huo. Kama hakuna nafasi ya kuzima, kwenye iPhone zisizo na kitufe cha mbele bonyeza pamoja kitufe cha pembeni na kimoja cha sauti, shikilia kama sekunde mbili mpaka kioo kibadilike. Uso hautakubaliwa tena mpaka kode. Kwenye Android nyingi, tangu toleo la 9 la mwaka 2018, ukishikilia kitufe cha kuzimia unapata chaguo la kufunga kabisa kidole na uso. Kwenye simu zingine sherti uliwashe kwanza katika mipangilio. Mulitafute leo hii, mulijaribu hapa hapa, musingoje siku ya moto. Kama simu yako haina, basi kuzima kunatosha.

Jambo la nne. Funga ujumbe usionekane juu ya kioo kilichofungwa. Tuliwahi kuona simu yenye kode nzito kabisa, lakini kila ujumbe wa grupe unapita juu ya kioo kama gazeti.

Jambo la tano, na ndilo kubwa kuliko yote: punguza kilichomo ndani. WhatsApp inaruhusu ujumbe kufutika wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Tuiwashe kwenye magrupe yetu. Fahamu ya nyumba ya kukutania isikae kwenye sauti ya mwezi uliopita. Foto ya mkutano yenye sura za watu isikae kwenye simu ya mtu anayeenda mbele ya mstari. Kile kisichokuwa ndani ya simu, hakuna kidole kitakachokitoa.

Kwa nini tunasema hili ndilo kubwa? Kwa sababu kode pia inaweza kutolewa kwa mateso. Tusijidai mashujaa. Ikifika wakati ambapo mtu anakuvunja mkono ili useme namba sita, ndugu yangu, dada yangu, sema. Hakuna grupe ya WhatsApp yenye bei ya maisha yako, na hakuna atakayekuita msaliti katika vuguvugu hili. Ndiyo maana sisi tunaobaki nyuma tuna kazi: tukisikia mwenzetu amekamatwa, tunamtoa kwenye magrupe mara moja, tunabadilisha fasi ya kukutania, tunawajulisha wale ambao majina yao yako kwake, tunaita avoka. Kumtoa si kumtupa, ni kumpunguzia mzigo. Wanaomshika watakuta nyumba tupu.

Wengine watatuuliza: “Kama hamufanyi kitu kibaya, munaficha nini?” Tunajibu. Sisi wengi hapa tumesoma, tuna diplome, na hatuna kazi. Simu ndiyo ofisi yetu. Ndani yake mko barua za kuomba kazi, majibu ya daktari wa mama, deni la kaka, maneno ya mchumba. Hakuna uhalifu ndani yake, lakini si soko. Na zaidi ya yote, ndani mko majina ya watu wengine, ambao hawakutupa ruhusa ya kuwafungulia mtu yeyote mlango wao usiku. Nyumba yako ina mlango na haumaanishi kwamba wewe ni mwizi.

Kwa hiyo, hatuwaambii kidole ni kibaya. Siku ya soko, tumieni kidole. Siku ya barabara, kode. Mukiona hatari, zimeni. Na kila siku, vitu vichache ndani. Hayo tu. Mtoto wa sekondari anaweza kuyashika na kumfundisha baba yake jioni hii.

Kabla hatujafunga, tunaomba kila mmoja atoe simu yake sasa. Asiyejua amuulize jirani wake. Anayejua asicheke. Wale wenzetu wawili waliogongewa mlango usiku ule wako hapa ndani ya chumba, na hatutawaonyesha na kidole. Ni wao walioomba tuje kusema haya, na ni wao watapita kati yenu kuwasaidia kutafuta kile kitufe.

Tulindane.